Uliza Shamba Kwanza

Wenzangu mliobaki katika ofisi ya taaluma, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kitenge na jembe jipya lenye mpini. Nashukuru kwa vyote, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini. Sherehe ilipokwisha, mmoja wenu, simtaji maana anajijua, alinifuata nje akaniuliza, "Mama, wewe wazazi ulikuwa unawawezaje?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko saa. Miaka yote watu waliniuliza habari za ratiba na mitihani, kana kwamba watoto huota shuleni wenyewe kama uyoga. Basi nawaandikia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Mlola mwenye cheti kipya na sauti kubwa. Shule ilikuwa pale pale ilipo, kilimani juu ya Soni, na ukungu ulikuwa ule ule: ukishuka, mwalimu aliye ubaoni haoni dawati la mwisho, na wa dawati la mwisho wanalijua hilo. Mkuu wa taaluma alikuwa Mwalimu Mbwambo, Mpare wa Same, mtu mrefu mwenye koti moja la sufu alilolivaa mvua na jua. Alinikabidhi meza inayoyumba, boksi la chaki na ufunguo wa kabati. Kisha akanieleza kwamba kitasa cha kabati kilikwisha kuharibika, kwa hiyo ule ufunguo ni wa heshima tu.

Siku hiyo hiyo alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, kanzu imelowa umande mpaka magotini. Nikamwamkia, nikasimama wima kama nilivyofundishwa chuoni, nikamuuliza, "Una shida gani, baba?"

Akanitazama. "Sina shida, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Akageuka akaondoka. Sasa niambieni, ni mpita njia gani anayekipanda kilima kile bila shida? Mwalimu Mbwambo alimwona kupitia dirishani, akatoka mbio na chaki mkononi, akamrudisha, akamkalisha kwenye benchi, akaagiza chai. Halafu akaanza kumuuliza viazi. Mbegu ya wapi, mvua imevikuta vina kimo gani, ugonjwa wa majani umepita au bado. Mzee akaeleza viazi, akaingia kwenye maharage, akafika kwa mbuzi wa jirani waliovunja ua. Mimi pale nilipo nilikuwa natokota kama sufuria. Kikombe cha pili kilipofika nusu, mzee akasema kwa sauti ile ile aliyosemea mbuzi, "Na huyu kijana wangu anataka kuacha shule."

Waliongea kwa kirefu, na kijana akabaki shuleni. Mzee alipoondoka Mwalimu Mbwambo aliniambia, "Zubeda, wewe ndiye mtoto wa milima hii, mimi ni mgeni. Hujui kwamba mzazi wa huku hafiki kwenye jambo lake mpaka mpite wote shambani kwake?"

"Najua," nikamjibu. "Lakini chuoni walituambia tuokoe muda."

"Uliza shamba kwanza," akasema. "Muda utajiokoa wenyewe."

Basi nikawa nauliza shamba. Nimeuliza karoti, hoho, kabichi, nyanya na mapeasi ya kila bonde lililo karibu. Nimeuliza ng'ombe wa maziwa wa Kwai kwa majina yao. Wazazi wa mashamba ya chai hawakuwa na shamba la kwao hapa, walikuja kutoka Njombe, Kigoma na kwingineko, kwa hiyo hao niliwauliza migomba waliyoiacha nyumbani, na wengine walitokwa machozi. Hakuna kifaa cha kazi kilichonifaa kuliko swali hilo, na halikuhitaji umeme.

Vifaa vingine vilihitaji. Vijana hamkuiona mashine ya kudurufu ya mkono, na nawaonea wivu. Msimu wa mitihani nilikwenda nyumbani mikono myeusi mpaka viwiko kama fundi wa gereji, na mume wangu alikuwa akinisalimia kwa mbali. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, na mlinzi aliigonga kwa hasira au kwa furaha kulingana na alivyoamka. Baadaye ikaja kompyuta. Tuliifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kufunikwa. Ulipoingia mtandao ikabidi tuwe na modemu, na ile modemu haikukubali kufanya kazi ndani ya nyumba. Tuliifunga kwenye ncha ya mwanzi tukaitoa dirishani kuelekea bondeni Mombo, na mvua ikinyesha tunaivika mfuko. Wageni walidhani tunavua samaki.

Kwa mwanzi ule ndipo nilipopata msimu nilioupenda kuliko yote, msimu wa maombi ya vyuo. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka moyo wangu ulikuwa unadunda utadhani mtihani nimefanya mimi. Unaona mtoto uliyempokea akiogopa hata kuuliza choo kiko wapi, leo anakuuliza tofauti ya famasia na maabara. Lakini kwa miaka mingi wazazi hawakuwa sehemu ya furaha hiyo. Mtoto alishuka Tanga au Dar kwa ndugu, akafanyiwa maombi kwenye steshenari moja huko, na mzazi akaletewa habari kama anavyoletewa ya msiba au harusi ya mbali.

Korona ndiyo iliyoubadilisha msimu huo. Shule zilifungwa, milima ikajaa watoto, na kwa mara ya kwanza tangu Ukoloni karoti zilipaliliwa kwa wakati. Kidato cha sita ndio waliorudishwa mapema wakafanya mtihani wao. Matokeo yalipotoka hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake ashuke kwenda steshenari ya mjini kubanana na watu. Kwa hiyo walipanda kilima kuja kwangu. Walikuja kina baba, kina mama, kina bibi, na mjomba mmoja mmoja wa kusimamia upande wa mama. Walikuja wakinukia mikaratusi, kwa kuwa hakuna aliyetoka nyumbani bila kujifukiza. Tuliweka ndoo ya maji getini na sabuni. Mabenchi tuliyatoa nje tukayatenganisha, na wazazi wakayasogeza tena ili wasikie vizuri.

Wenzangu, sikuwahi kuona kitu kama kile! Uwanja mzima ulikuwa ukibishana habari za vyuo. Watu waliokuwa wanajua bei ya kabichi peke yake sasa walikuwa wanapima uhandisi wa maji na uhandisi wa barabara. Maswali yao hayakuwa kwenye mwongozo wowote. "Mwalimu, chuo gani hakina ugonjwa?" Mzee Petro wa mashamba ya chai, ambaye binti yake alikuwa wa kwanza katika ukoo kumaliza kidato cha sita, alitaka chuo cha sehemu ya joto, kwa kuwa alisikia ugonjwa unaogopa jua. Jirani yake alitaka cha baridi, kwa kuwa alisikia kinyume chake. Walibishana mpaka chai ikapoa, na barakoa zao zote mbili zilikuwa kidevuni.

Sasa kila ombi la mtandaoni lilidai namba ya simu. Watoto wenyewe hawakuwa na simu, kwa hiyo niliwaomba wazazi. "Nipeni namba ambayo haizimwi," nikawaambia. Wakulima wa mboga walinipa kwa fahari namba za simu za mzigo.

Kwa ambaye si wa huku, nieleze. Nyumba ya mkulima wa mboga inaweza kuwa na simu mbili au tatu, lakini moja ndiyo ya mzigo. Kwa kawaida ni simu ndogo ya tochi. Madalali wote wa Dar wana namba yake, na fedha za mauzo zinaingia humo. Fuso ikishapakiwa, anayesindikiza mzigo anaishika simu hiyo na kushuka nayo. Hubaki na baba nyumbani pale tu mzigo unapokuwa bado shambani. Simu hufuata mzigo; hiyo ni sheria, na hata mke hagombani nayo. Hiyo ndiyo simu ambayo haikosi chaji wala salio. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mboga, nikaziandika namba zile moja baada ya nyingine nikiwa na furaha, na hakuna mtu hata mmoja pale uwanjani aliyeona kasoro.

Kati ya watoto wa mwaka huo alikuwepo Hadija, binti wa Mlola kama mimi. Hakuwa msemaji. Alikuwa na ule ukimya wa mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Baba yake, Mzee Shechambo, alikuwa mkulima wa karoti na kabichi na alisindikiza mzigo wake mwenyewe mpaka Dar, kwa kuwa hakuwaamini madalali wala hewa wanayovuta. Mama Hadija alikuwa mfupi, na maneno yake pia mafupi. Walikuja wote watatu. Niliuliza shamba. Mzee akaniambia karoti za bonde la chini zimepigwa na baridi, na ndama waliyemnunua Kwai anaharisha, hawajui kama atapona. Nikampa pole ya ndama. Ndipo tukafika kwenye jambo.

Hadija alitaka uuguzi, shahada, katika chuo cha Dar. Baba yake alitaka asomee ualimu katika chuo cha huku huku milimani, ambako angerudi nyumbani Jumamosi akala chakula cha mama yake.

"Mwalimu, Dar naijua," akasema Mzee Shechambo. "Naenda na mzigo kila mara. Nimeliona soko likiwa tupu. Nimeona watu wanavyokimbiana. Nikirudi hata huyu mke wangu ananilaza kwenye stoo ya mbegu za viazi, chakula ananisukumia mlangoni kama paka!"

Watu wa mabenchi ya jirani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Halafu mtoto anataka kwenda kuishi huko. Na kusomea nini? Uuguzi! Watu wanaukimbia ugonjwa, yeye anaufuata."

Hadija akasema taratibu, "Baba, wagonjwa lazima wawe na mtu wa kubaki nao."

"Awe mtoto wa mtu mwingine."

Mama Hadija alikuwa ametazama chini muda wote. Akainua uso. "Kabichi zikishuka Dar unazisomea dua. Mtoto akitaka kushuka unafunga mlango. Au tumtie kwenye kiroba ndiyo utamruhusu?"

Nilijifanya natafuta kalamu. Mwishowe wakakubaliana kuomba vyuo vyote viwili na kumwachia Mungu achague. Mzee akanipa namba ya simu ya mzigo, nikaiandika, tukabonyeza, na ule mwanzi dirishani ukafanya kazi yake.

Majina yalipotoka nilipiga kelele mpaka mlinzi akagonga kengele akidhani kuna moto. Hadija alikuwa amechaguliwa kote kuwili! Mama yake alikaa chini kwenye nyasi akaficha uso kwenye mtandio. Mzee Shechambo aliposikia akacheka kwa mara ya kwanza. "Tulimwachia Mungu," akasema, "Mungu naye katurudishia." Akasema akirudi na mzigo unaofuata watakaa na ukoo waamue.

Lakini utaratibu wa vyuo haukungoja ukoo. Aliyechaguliwa na vyuo viwili alitakiwa achague kimoja kwenye mtandao na kuthibitisha kwa namba ya siri aliyotumiwa kwa ujumbe wa simu. Dirisha hilo la mtandaoni likifungwa kabla hajathibitisha, nafasi zote mbili wanapewa wengine. Mwaka ule mtandao ulielemewa na namba zikachelewa. Zilianza kuingia siku ya mwisho yenyewe, mchana, wakati dirisha linafungwa jioni. Wazazi na watoto walijaa tena uwanjani. Nikaita jina la kwanza, nikasema, "Leteni simu, tusome namba."

Mama mmoja akasema, "Simu iko na mzigo."

Wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tatu. Ilikuwa siku ya kushuka kwa mizigo. Namba za siri za nusu ya watoto wangu wa kidato cha sita zilikuwa zimekaa juu ya kabichi, ndani ya fuso, mahali fulani kwenye barabara ya kwenda Dar. Tulitazamana. Kisha Mzee Petro wa chai, ambaye hakuwa na mzigo wala fuso na namba yake ilikuwa imeshaingia, akaanza kucheka, na kicheko chake kikatuzindua.

Nikaanza na Hadija, kwa sababu alikuwa amesimama karibu nami. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, nikaazima ya mwalimu wa zamu. Ikaita, ikapokelewa. Fuso ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti.

"Mzee Shechambo!" nikapiga kelele kupitia barakoa. "Haraka, nisomee namba iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi!"

Kisha akasema kwa upole, "Na fedha nikutumie kwa namba hii hii?" Akakata.

Alidhani mimi ni tapeli! Na nani angemlaumu? Redio ilikuwa inawaambia kila siku wasimpe mtu yeyote namba ya siri, na mzee wetu alikuwa msikilizaji mzuri. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena, akapokea ili anitukane vizuri. Hadija akaninyang'anya simu. "Baba, ni mimi, Hadija!"

"Wiki hii kila tapeli ni mtoto wangu," akajibu, akakata.

Hadija alinirudishia simu. Mama yake alikuwa amekwenda Mlola kumwangalia ndama, na huko nyumbani kwao mtandao hautulii. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Mombo. Nilisimama pale na simu ya kuazima, na ndipo nikamkumbuka Mwalimu Mbwambo, Mungu amrehemu, akikimbia na chaki mkononi. Nikavua barakoa, nikasogea mbali na watu, nikavuta pumzi. Nikapiga.

Alipopokea sikumpa nafasi ya kutukana. "Onga mshi, baba," nikamsalimia Kishambaa, polepole, kama niliyekutana naye njiani. "Habari za safari? Zile karoti za bonde la chini, baridi imeziachia kidogo? Na yule ndama wa Kwai, ameacha kuharisha?"

Nikasikia fuso inanguruma. Nikasikia dereva anaimba.

"Mwalimu Zubeda?"

"Ndiye mimi."

"Sasa mbona hukusema!" Akamgeukia dereva. "Athumani, weka gari pembeni, ni mwalimu!"

Walikuwa wamefika Segera. Injini ilizimwa, na kelele za wauza machungwa zikaja mpaka kwenye sikio langu. Nikamweleza haraka habari ya namba, ya dirisha, na ya nafasi zote mbili kupotea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliponijibu sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mwalimu, namba ninayo hapa. Nikiisoma, mtoto anakwenda wapi?"

Hilo halikuwa langu kujibu. Nikafungulia spika ya simu, nikampa Hadija. Nakiri niliomba moyoni adanganye. Angeweza kusema chuo cha milimani, akapata namba, akabonyeza alichotaka. Uwanja mzima ulikuwa umetusogelea, hata wale wenye shida hiyo hiyo.

Hadija akavua barakoa yake. "Baba, ukinisomea nitabonyeza Dar. Sikufichi."

Kutoka upande wake nilisikia mtu anauliza machungwa na kujibiwa, na kuuliza tena. Nilimwonea huruma mzee yule peke yake kando ya barabara, na simu ya tochi mkononi. Hakuhitaji hata kukataa. Alihitaji kunyamaza tu mpaka jioni, akatuambia baadaye mtandao ulikuwa mbaya, na hakuna mtu ambaye angebisha.

"Athumani," tukamsikia akisema, "njoo na macho yako hapa. Herufi hizi ndogo."

Athumani akasoma, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Mzee Shechambo alikuwa akirudia kila moja nyuma yake ili isikosewe. Nilikuwa nimekimbilia ndani kwenye kompyuta, Hadija na simu nyuma yangu, nikizibonyeza kwa kidole kimoja. Modemu iliwaka, ikazima, ikawaka. Halafu maandishi ya kijani yakatokea. Kina mama wakapiga vigelegele, mlinzi akagonga kengele bila kuulizwa, na mimi mwanamke mzima nikaruka juu kama mtoto aliyefaulu!

Hatukuwa na muda wa kufurahi sana, kwa sababu kina mama wengine walikuwa wananivuta kitenge. Nikampigia baba wa pili. Naye alidhani ni tapeli, maana fuso zao ziliongozana na walikuwa wameshaonyana. Basi nikaanza na kabichi zake. Wa tatu nikaanza na hoho. Wa nne alikuwa na ugomvi wa mfereji na jirani, ikabidi tuupitie wote kabla hajanisomea namba, jua likizidi kuinama. Jioni ile niliuliza mashamba mengi kuliko bwana shamba wa kata, na dirisha lilipofungwa hakuna mtoto wangu aliyebaki nje. Nilikwenda nyumbani bila sauti, nina furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka natabasamu peke yangu kama mwehu.

Siku ya Hadija kuondoka nilishuka Soni kuwaaga. Fuso ilikuwa imeegeshwa barabarani, imejaa viroba vya kabichi mpaka juu, na Athumani anakaza kamba. Hadija alikuwa na begi, godoro lililokunjwa, na ndoo ndogo ya mapeasi aliyopewa na mama yake. Mzee Shechambo alikuwa amekusudia kumsindikiza, lakini ndama alikuwa amezidiwa tena na alitakiwa kubaki kumngoja mganga wa mifugo. Alikagua tairi. Alikagua kamba ambazo Athumani alikwisha kuzikagua. Alimwambia Athumani apunguze mwendo kwenye kona, na Athumani, aliyezipita kona zile tangu ujana wake, akaitikia kwa adabu.

Mwishowe aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ile simu ya tochi iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akamwekea Hadija kiganjani na kumfunga vidole.

Mama Hadija alishtuka. "Baba Hadija, hiyo ni simu ya mzigo!"

"Simu hufuata mzigo," akasema. "Wanangu wengine wote wako nyumbani. Mzigo wangu ni huyu."

"Na madalali watampigia nani?"

"Watampigia yeye. Awaambie bei imepanda."

Tulicheka sote, hata Hadija aliyekuwa analia. Fuso ikaondoka, ikakata kona ya kwanza kuelekea Mombo, na tukaisikia ikipiga honi kwenye kona ya pili. Mzee Shechambo alibaki katia mikono mifukoni, na nilimwona anapapasa ule mfuko mtupu kama mtu aliyepoteza kitu.

Haikupita hata wiki, nikiwa ofisini, nilimwona akipanda kilima, kofia mkononi, kanzu imelowa umande. Nikatoka kumpokea. Nikamkalisha kwenye benchi, nikaagiza chai, nikakaa naye kama nilivyofundishwa.

"Haya, baba," nikaanza, "karoti za bonde la chini zinaendeleaje?"

Akaweka kikombe chini bila kukionja.

"Mwalimu," akasema, "leo shamba tuliache. Nipigie ile namba."